Shangazi Mbeleje Juu ya Paa la Tembe

Usiku ule nilikuwa nimekwisha kushindwa. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani ndoto ilinijia nikiwa shujaa. Nilikuwa kwenye nyumba ya wageni, katika mji mdogo ulio karibu na hifadhi, na mezani palikuwa na michoro niliyoichora kwa mkono wangu na ambayo sikuweza kuitazama.

Mimi ni msanifu majengo. Nilikuwa nimepewa kazi ya kusanifu kituo cha wageni kwenye lango la hifadhi, huku kwetu kwenye nyanda kavu za Ugogo: mahali ambapo mgeni atakata tiketi, atajifunza habari za tembo na swala, atakunywa chai kabla ya kwenda kuwatazama. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa tembe. Nyumba ndefu inayozunguka uga, kuta nene za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo, kama walivyojenga wazee wetu kabla bati halijafika. Tembe haishindani na kilima. Ukiwa mbali huioni. Ukiingia ndani wakati wa jua la saa saba, unapoa kama maji ndani ya mtungi.

Meneja wa mradi aliutazama mchoro ule, akacheka kwa adabu.

"Mama, wageni hawapandi ndege kuja kuona umaskini. Nataka kitu cha Kiafrika."

Kitu cha Kiafrika, kwake, kilikuwa misonge mitano ya zege, ipakwe rangi ya udongo, iezekwe makuti, na mlangoni asimame tembo wa saruji. Makuti yangeletwa kwa lori kutoka pwani. Nikamwambia wazee wetu hawakujenga hivyo, na kwamba hapa mnazi hauoti. Akanijibu, "Mgeni atajuaje?"

Hilo ningelistahimili. Kilichonivunja ni baba.

Kiwanja kilikuwa cha kijiji, kwa hiyo kamati ya kijiji ilikuwa na sauti, na baba yangu, Mzee Chibago, alikuwa mjumbe wake. Nilidhani atanibeba. Alisimama kwa fimbo yake, hakunitazama, akasema: "Mimi nimezaliwa kwenye tembe. Nimekulia kwenye tembe. Na mtoto wangu wa kwanza amefia kwenye tembe, kwa papasi. Ninyi mnataka tuwaonyeshe wageni nini? Jengeni hayo ya meneja."

Papasi ni mdudu jamii ya kupe. Hujificha kwenye nyufa za kuta za udongo, huuma watu wakiwa usingizini, na homa yake huua watoto. Nilijua kwamba kabla yangu alikuwepo dada yangu aitwaye Nyendo. Lakini nyumbani kwetu jina hilo lilitajwa kama unavyogusa sufuria la moto. Sikuwahi kumsikia baba akisema alivyokufa, sembuse mbele ya watu.

Hakuna aliyempinga. Nami nikarudi kwenye nyumba ya wageni, nikachora misonge mitano na tembo wa saruji. Kikao cha kuipitisha kilikuwa kesho yake saa tatu asubuhi. Nilipomaliza mkonga wa yule tembo nikaweka kichwa juu ya meza.

Mara nikawa nimesimama langoni pa hifadhi, na ni mchana. Misonge ya meneja ilikuwa imekwisha kujengwa. Ilikuwa mizuri, sitadanganya, mizuri kama keki ya harusi. Hapakuwa na mtu. Nikataka kujua ndani mna nini, nikasukuma mlango wa ule wa katikati, na mlango ukawa mzito mkononi, wa ubao uliochongwa kwa shoka. Harufu iliyonipokea haikuwa ya rangi mbichi. Ilikuwa harufu ya moshi, maziwa na ndama.

Nimo ndani ya nyumba ya shangazi Mbeleje.

Shangazi Mbeleje alikuwa dada mkubwa wa baba. Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni, na mvua za mwaka uliofuata zikaibeba nyumba yake, maana hapakuwa na mkono wa kuitunza. Ndiye aliyenifundisha kukandika ukuta kabla sijajua kushika penseli. Hakuwa mpole. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kavu, na ukimwuliza jambo moja mara mbili alikurushia tope.

Sasa yupo uani, amekunja kaniki yake hadi magotini, anakanyaga udongo. Nasema, "Mbukwa, shangazi," salamu ya kwetu. Anavitazama viatu vyangu.

"Vua. Kanyaga."

Navua, naingia. Udongo una joto kama mwili wa mtu. Tunakanyaga bega kwa bega, na kila ninapoinua mguu naona karatasi imenata kwenye kisigino. Ni michoro yangu ya kwanza, ile ya tembe, imechanika vipande na kuchanganyika na majani makavu na samadi. Nainama niiokote. Ananishika mkono.

"Iache. Udongo unataka kitu cha kushikia."

Anapogeuka kuchota maji, ndipo naona kwamba mgongoni amebeba mtoto. Msichana wa miaka miwili, labda mitatu. Kichwa kimemlalia begani, na amefunikwa kipande cha kaniki kilichochakaa pembeni, kimeshonwa kwa uzi mweupe. Uso wake ni uso wa baba.

"Shangazi, huyo ni Nyendo?"

"Ulidhani nani?"

"Bado ana homa?"

"Huku hakuna homa."

Amekwisha kuondoka uani. Namfuata, na uga unakuwa mrefu, tunapita kwenye ukumbi niliouchora mimi, na meza ya tiketi ipo, na juu yake amelala ndama. Shangazi hashangai. Anakwenda moja kwa moja hadi upande wa pili wa tembe, upande ambao baba na mama waliishi walipooana. Anachuchumaa karibu na kitanda cha ngozi, anaweka kidole ukutani. Pana ufa pale. Mwembamba, hauzidi urefu wa mkono, mahali hasa ambapo kichwa cha mtoto hulala.

"Huu ni wangu," anasema. "Baada ya mvua niliuona. Nikasema nitauziba kesho, mikono imechoka na mavuno. Kesho yake nikasema kesho."

Mtoto mgongoni anapumua polepole.

"Mbona hukumwambia baba?"

"Alimzika mtoto, kisha akaja na watu wa kuizika nyumba. Tungeyasemea wapi?"

Nataka kumwuliza zaidi, lakini ukuta niliouegemea umekuwa ngazi ya magogo, na yeye amekwisha kupanda. Napanda. Juu, paa ni pana kuliko nyumba. Mtama umeanikwa, na majani ya mlenda, na mbele kabisa, mahali ambapo paa lingepaswa kuisha, linaendelea. Linakuwa mbuga. Swala wanakula juu yake bila kuangalia huku. Sioni mwisho wa nyumba ya shangazi wala mwanzo wa hifadhi.

Habari za paa lile nilikuwa nimezisikia kwa majirani, kamwe si kwa baba. Miaka ile watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya kupangwa mistari, amri ilitoka tembe zivunjwe, kwamba ni makao ya wadudu na ujinga. Lori likaja na vijana wenye mashoka. Shangazi hakubishana nao. Alipanda juu ya paa lake na kibuyu cha maji, akaketi. Siku tatu. Nyumba zote jirani zilianguka, vumbi lake likamfikia, akaketi. Kijana waliyempa kipaza sauti amwite ashuke alikuwa mdogo wake mwenyewe, Chibago, ambaye majuma machache kabla alikuwa amemzika binti yake. Mwishowe lori liliondoka, shangazi akashuka, akapika. Aliishi kwenye nyumba ile hadi kufa kwake. Hakupata kuizungumzia siku ile na baba, wala baba na yeye.

Sasa nimeketi naye. Chini lori linanguruma. Baba yupo, kijana, amekonda, macho mekundu, kipaza sauti mkononi.

"Shuka, dada! Nyumba hii ni chafu! Inaua!"

Shangazi anageuza mtama kwa kiganja ili ukauke upande wa pili.

Kando ya baba amesimama meneja wa mradi na shati lake jeupe. Ameikunja michoro yangu mipya kama tarumbeta, ameiweka mdomoni, naye anaita. Lakini hamwiti shangazi. "Shuka, mama! Shuka, tuna kikao!" Nyuma yake wamejipanga wajumbe wote wa kamati, majirani zangu, watu walionilea, na wote wananiita kwa upole. Upole ule ndio unaonitisha. Natafuta ngazi kwa mkono nyuma yangu. Ngazi haipo.

"Shangazi, wako wengi."

"Nawaona."

"Wakiivunja tukiwa huku juu?"

"Basi waivunje. Lakini wasije wakasema tuliwafungulia mlango."

Vijana wanasogea na mashoka. Nasikia miguu yao kwenye changarawe. Hapo shangazi anaacha mtama, ananigeukia, na ni mara ya kwanza tangu nimwone kunitazama usoni. Macho yake hayana huruma hata kidogo, na nikiwa nimekaa pale najua kwamba ananipenda.

"Una neno la kumpelekea mdogo wangu," anasema. "Mwambie sikumkataa yeye. Nilikataa kuitwa mchafu kwa nyumba niliyoisiliba udongo kwa mikono yangu. Na mwambie ufa ulikuwa wangu, haukuwa wa nyumba. Ufa unazibwa."

"Nitamwambia."

"Na wewe, Sechelela. Nani amekufundisha kuomba ruhusa ya kufanana na kwenu?"

Mtoto mgongoni mwake amefumbua macho. Ananyoosha mkono, anaweka kitu kwenye kiganja changu, punje za mtama, moto kwa jua. Chini shoka la kwanza linapigwa. Paa halitikisiki.

Niliamka shavu likiwa juu ya tembo wa saruji.

Alfajiri ilikuwa inaingia dirishani. Sikuamka na furaha wala na machozi. Niliamka na hasira, hasira safi, isiyomchukia mtu, ya namna ambayo sikuwa nayo tangu ujana. Nikaichukua michoro ya misonge, nikaichana karatasi moja baada ya nyingine, taratibu, maana sikutaka baadaye nijidanganye kwamba niliichana kwa usingizi. Kisha nikampigia baba.

Alipokea kwenye mlio wa kwanza. Wazee hawalali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kuna nini alfajiri hii?"

"Nimemwona shangazi Mbeleje."

Nikasikia kitanda kikilia. Alikuwa ameinuka, ameketi.

"Alikuwa na hali gani?"

"Anakanyaga udongo. Amebeba mtoto."

Akauliza, kwa sauti ambayo sikuijua, "Amemfunika?"

"Kwa kipande cha kaniki. Pembeni kimeshonwa kwa uzi mweupe."

"Mama yako ndiye aliyeshona," akasema. "Uzi mweusi ulikuwa umetuishia. Tulimzika nayo."

Hakuna aliyewahi kuniambia hilo. Nilikuwa sijazaliwa, na mama alifariki na siri yake. Nilishika meza. Nikampa baba ujumbe wote, neno kwa neno kama nilivyopewa, la kwanza hadi la mwisho, hata la ufa. Sikulilainisha. Aliponijibu, hakuzungumza na mimi.

"Dada," alisema. "Dada, na miaka yote hii."

Halafu simu ikakatwa.

Saa tatu niliingia kwenye kikao mikono mitupu, isipokuwa mchoro wangu wa kwanza, wa tembe, ambao nje ya ndoto ulikuwa mzima. Nikautandaza mezani. Meneja akauliza iko wapi michoro tuliyokubaliana. Nikamwambia nimeichana.

"Unajua unachokifanya, mama?"

"Najua. Hii ndiyo nyumba ya hapa. Kuta tutazichanganyia chokaa, sakafu itafungwa vizuri, chini ya udongo wa paa patakuwa na turubai, na hapatakuwa na mwanya wa mdudu kuingiza hata mguu. Kama hamwitaki, mtafuteni mtu mwingine awachoree uongo. Mimi siuchori."

Wajumbe waliangalia sakafu. Ndipo mlango ukafunguliwa, baba akaingia, amechelewa, suruali imejaa vumbi hadi magotini. Baadaye nilijua alikuwa ametoka kwenye magofu ya nyumba ya dada yake, amekwenda kwa miguu. Hakuketi.

"Jana nilisema neno," akasema. "Nililisema kwa uchungu wangu, si kwa akili yangu. Nalirudisha. Mtoto wangu aliuawa na papasi, hakuuawa na nyumba ya baba yangu. Kiwanja ni cha kijiji. Na hayo makuti, meneja, yapelekeni huko yanakoota."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Mama mmoja wa kamati akaniuliza udongo nitachimba upande gani, maana wa korongoni una mchanga mwingi. Akabishana na mwenzake. Nilijua hapo kwamba tumekwisha kuanza kujenga.

Meneja alifunga faili lake, akasema atawaandikia wakubwa. Wakubwa walikaa kimya muda mrefu, wakajibu kwamba tujenge chumba kimoja cha tembe kwa majaribio, vingine viwe misonge. Kamati ikakataa, kwa kura ya mikono yote. Tukajibu: yote, au kiwanja kibaki malisho. Mwishowe wakaridhia, kwa barua fupi isiyo na neno zuri hata moja.

Siku tuliyokuwa tukipandisha udongo wa paa, meneja alikuja. Alizunguka nyumba, akagusa ukuta, akaingia ndani, akakaa humo kuliko nilivyotarajia. Alipotoka, jasho aliloingia nalo kutoka juani lilikuwa limekauka. Baba alikuwa amechuchumaa ukutani, anasiliba, ingawa tulimkataza kwa umri wake.

"Mzee Chibago," meneja akasema, "mgeni akiuliza hii ni kitu gani, nimwambie nini?"

Baba hakuinua kichwa.

"Mwambie ni nyumba," akasema. "Avue kofia, aingie."